Jenerali Ogolla: kwa nini aliagiza azikwe ndani ya siku 3, tena bila jeneza?

#1 Jirani wa Ng'iya

Habari za jioni, wanajamvi.

Leo imetimia miaka 2 tangu Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, afariki katika ajali ya helikopta huko Sindar, Elgeyo Marakwet, alasiri ya Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024. Ndani ya helikopta hiyo walikuwamo watu 12, na walionusurika ni wawili tu. Walikuwa ndio kwanza wameruka kutoka Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Kufikia Jumapili tarehe 21 Jenerali alikuwa ameshazikwa kwao Alego, Kaunti ya Siaya, bila jeneza, kama alivyokuwa ameiagiza familia yake akiwa hai.

Kila inapofika tarehe hii watu huzungumzia helikopta. Mimi naomba tumzungumzie mtu mwenyewe kupitia lile agizo lake la mwisho. Huyu alikuwa askari mwenye cheo cha juu kuliko wote nchini, na taifa lingekubali kumwombolezea hata wiki tatu na kumchagulia sanduku la kifahari kuliko yote. Yeye aliagiza kinyume chake. Kwetu Alego, mahali ambapo mazishi ya mtu wa kawaida huchukua wiki mbili na ya mtu mkubwa huchukua mwezi, jambo hilo liliwashangaza wengi, na hadi leo wazee hawajaacha kulizungumzia.

Dai langu ni kwamba agizo lile lilikuwa la kiaskari tangu mwanzo hadi mwisho. Rubani wa ndege za kivita anajua kwamba kifo kinaweza kumkuta mchana wa siku ya kawaida ya kazi, kwa hiyo hupanga mambo yake mapema ili asiwaachie wengine mzigo wa kuamua. Wenzangu mwasemaje?

#2 Seremala wa Kisumu

Pole kwa wote waliopoteza wapendwa wao siku hiyo. Ndugu Jirani, naheshimu dai lako ila nalipinga, na ninalipinga nikiwa mtu anayejipatia riziki yake kwa kutengeneza majeneza.

Nimeiona familia ikija karakana kwangu ikiwa na mkopo wa chama, ikapita sanduku la mbao za kawaida lililopigwa msasa vizuri, ikachagua lile lenye vioo na vishikio vya dhahabu ya kupaka, kwa sababu tu shemeji fulani amesema majirani watatucheka. Baada ya mazishi, mjane hubaki na deni pamoja na watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa karo. Mochari inadai, turubai zinadai, ng'ombe wamechinjwa, mafuta ya magari ya msafara yamelipwa, na wageni wamekula kwa siku kumi na nne mfululizo. Jenerali alizaliwa na kukulia katika desturi hiyo, na bila shaka alialikwa kuchangia matanga mengi kuliko sisi sote hapa.

Ninavyoona mimi, aliagiza vile ili awe mfano. Alijua kwamba maskini akizikwa bila sanduku watu husema alikosa pesa, lakini akizikwa hivyo Mkuu wa Majeshi hakuna atakayesema maneno hayo. Jambo hilo linanipunguzia wateja, na hata hivyo nasema alifanya vyema.

#3 Mstaafu wa Nanyuki

Nimetumikia Jeshi la Wanahewa upande wa ufundi na nikastaafu kwa heshima, kwa hiyo naomba kwanza tuweke rekodi sawa kwa faida ya vijana wanaosoma.

Jenerali Ogolla alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984 na akapewa kamisheni ya luteni wa pili tarehe 6 Mei 1985. Hesabuni wenyewe: alifariki zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka 40 ya utumishi. Alipata mafunzo ya urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, kisha akawa mkufunzi wa marubani. Baadaye aliongoza Kambi ya Wanahewa ya Moi kule Eastleigh, na Julai 2018 akawa Kamanda wa Jeshi zima la Wanahewa. Alisoma pia École Militaire mjini Paris na Chuo cha Ulinzi wa Taifa kule Karen.

Kuhusu dai la #1, naliunga mkono kwa sababu ninayoijua kwa macho yangu. Jeshini mtu hujaza fomu ya jamaa wa karibu akiwa kurutu, kabla hata hajajua kufunga kamba za buti sawasawa. Marubani tuliowahudumia walikuwa wakiondoka asubuhi wakiacha chai mezani, na wengine hawakurudi kuinywa. Mtu aliyeishi hivyo tangu akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu haoni ajabu kuandika jinsi atakavyozikwa. Lililo geni kwa raia ni jambo la kawaida kwa rubani.

#4 Kijana wa Umoja

Asante, Mzee Mstaafu, kwa historia hiyo. Nadhani pia alikuwa mwanahewa wa kwanza kushika wadhifa wa Mkuu wa Majeshi, akaushika kwa takriban miaka miwili.

#5 Mstaafu wa Nanyuki

Kijana, hapana kwa yote mawili. Jenerali Julius Karangi, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2011 hadi 2015, naye alitoka Jeshi la Wanahewa. Baada yake alikuja Mwathethe wa Jeshi la Wanamaji, kisha Kibochi wa Jeshi la Nchi Kavu. Ogolla aliteuliwa tarehe 28 Aprili 2023, kwa hiyo hakutimiza hata mwaka mmoja, kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku kumi. Neno "wa kwanza" linamhusu kwa jambo moja la huzuni tu, nalo ni kwamba ndiye Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Kenya kufariki akiwa bado kazini.

#6 Binti Kisauni

Assalamu alaikum na habari zenu nyote.

Nimesoma maoni na naona watu wanashangaa mazishi ya siku tatu bila sanduku kana kwamba ni jambo la ajabu duniani. Huku kwetu Mombasa, tajiri na maskini huoshwa, huvikwa sanda ileile nyeupe, huswaliwa, na huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Jeneza hubeba maiti mpaka makaburini kisha hurudishwa msikitini likimsubiri mwingine. Mwili hulazwa katika mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, huelekezwa kibla, hufunikwa viunza vya mbao, na udongo hufukiwa. Hakuna anayeuliza gharama, na hakuna mjane anayebaki na deni la sanduku.

Jeshi letu lina Waislamu wengi. Afisa aliyefanya kazi miaka 40 pamoja nao amehudhuria mazishi yao mara nyingi, amesimama pembeni ya kaburi akiwa na sare yake, na ameona jinsi familia inavyomaliza jambo kwa siku moja na kurudi kwenye dua. Sisemi kwamba alibadili dini, wala mtu asinielewe hivyo, kwa maana alikuwa Mkristo na alizikwa kwa ibada ya Kikristo. Nasema mtu mwenye akili hujifunza kwa jirani yake, na huenda alilipenda aliloliona.

#7 Fikra Pevu

Bi Kisauni ameleta nuru kubwa. Sisi wa bara tulikuwa tumelikwepa jambo hilo, ingawa limekaa mbele ya macho yetu miaka yote.

#8 Mwalimu wa Historia

Naomba nirudi kwenye hoja ya #1 kwamba wazee wa Alego walishangaa. Wazee wa leo walishangaa, ila babu za wazee hao wasingeshangaa kwa habari ya sanduku. Jeneza la mbao lililetwa Nyanza na misheni na maseremala wao. Kabla ya hapo mzee wa Kijaluo alizikwa akiwa amefungwa katika ngozi ya ng'ombe wake, kwenye boma lake, upande wa kulia wa nyumba. Kwa hiyo katika sehemu hiyo ya agizo, Jenerali alikuwa karibu zaidi na mababu kuliko walivyo wale wanaomlaumu kwa jina la mila.

Sehemu ya pili, ile ya haraka, ndiyo iliyogusa mila kwelikweli. Desturi inataka mwili ulale nyumbani walau usiku mmoja, watu wakeshe, na kwa mwanamume mwenye hadhi wafanye *tero buru*, yaani vijana na wazee watoke na mifugo, mikuki na ngao kwenda kukifukuza kifo nje ya mipaka ya kijiji. Mtazamaji makini ataona kwamba *tero buru* ni gwaride la kijeshi la watu waliokuwa na wapiganaji wao kabla ya ukoloni. Nami ndipo nauliza: je, mizinga na tarumbeta za KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) pale Siaya hazikuchukua nafasi ya mikuki hiyo? Pengine mwenyewe aliona kwamba heshima moja ya kiaskari inatosha.

#9 Jirani wa Ng'iya

Mwalimu, umenigusa. Hata hivyo nakuomba usiwaone wazee kuwa wagumu bila sababu. Mzee mmoja jirani yetu aliniambia kwamba kilichomuuma ni kukosa nafasi ya kulia. Jamaa walioishi mbali hawakuwahi kufika. Marika ya Jenerali waliosoma naye shule ya msingi walipata habari Alhamisi jioni Rais alipoitangaza, na Jumapili kaburi lilikuwa limefukiwa. Katika matanga ya wiki mbili watu hupatana, madeni hutajwa, watoto wa nje hujitokeza, na ndugu wasiosemezana hulala chini ya turubai moja. Haya yote hayawezi kutimia kwa siku 3.

#10 Wakili wa Milimani

Nashangaa kwamba tumefika #9 bila mtu kutaja kesi ya S. M. Otieno, ambayo inahusu Alego hiyohiyo.

Wakili Silvano Melea Otieno alifariki ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike Upper Matasia, Ngong, na akasema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga. Kesi ikaenda Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Ni siku 154 kutoka kifo hadi kaburi. Mtu yeyote wa Siaya aliyekuwa na akili timamu mwaka 1987 aliifuata kesi ile kwenye redio na magazeti, na Ogolla wakati huo alikuwa afisa kijana mwenye kamisheni ya miaka miwili.

Maelezo yangu basi ni ya kisheria. Kesi ile ilitufundisha sote kwamba matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayana nguvu kamili mahakamani, kwa kuwa maiti si mali ambayo mtu anaweza kuirithisha. Mahakama huyazingatia matakwa hayo inapowezekana, lakini nguvu yao halisi hutoka kwa familia iliyoambiwa mapema na inayokubaliana. Ukiweka muda wa siku 3, unawanyima wagombanao nafasi ya kugombana. Hakuna anayeweza kuandaa kesi ya maana kati ya Alhamisi jioni na Jumapili.

#11 Seremala wa Kisumu

Mheshimiwa Wakili, wewe kila jambo unaliona likiingia mahakamani. Familia ile haikuwa na ugomvi wowote uliosikika, kwa hiyo mtu angejikinga na jambo ambalo halipo kwa sababu gani?

#12 Wakili wa Milimani

Ndugu Seremala, nawe kila jambo unaliona likiingia kwenye sanduku. Ugomvi wa mazishi husikika baada ya mtu kufa, hausikiki kabla. Hata familia ya Otieno haikujulikana kwa ugomvi wa aina hiyo hadi Desemba ile.

#13 Mkaazi wa Rorya

Nawasalimu kutoka Mkoa wa Mara, Tanzania. Sisi Wajaluo wa Rorya tulizifuata habari za msiba huu kwa karibu, kwa sababu mpaka umetugawa kwa ramani lakini ukoo ni uleule, na simu za msiba hupigwa pande zote mbili.

Nataka kuongeza kisa. Baba yangu mkubwa alikuwa askari wa JWTZ, akapigana vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na akaingia Uganda pamoja na kikosi chake. Alifariki ghafla shambani, jembe likiwa mkononi. Naye alikuwa ametuambia tumzike kesho yake, na sisi tukapuuza, tukakaa siku tisa kwa sababu watoto wake walikuwa Mwanza, Dar es Salaam na mmoja Nairobi. Hadi leo binti yake mkubwa huumia kwamba agizo pekee alilowahi kutoa kuhusu nafsi yake halikutimizwa. Alituambia sababu siku moja tukiota moto: vitani aliwazika wenzake kwa blanketi, ndani ya saa chache, kwa sababu kikosi kilipaswa kusonga. Alisema hakuona kwa nini yeye aliyebahatika kurudi azikwe vizuri kuliko wao.

Sijui kama Jenerali alikuwa na wazo kama hilo. Mimi ninaposikia askari akikataa jeneza, nasikia sauti ya baba yangu mkubwa.

#14 Mstaafu wa Nanyuki

Ndugu wa Rorya, pokea heshima yangu kwa niaba ya baba yako mkubwa. Askari yeyote aliyewahi kuzika mwenzake uwanjani ataelewa maneno yake bila kuelezwa.

#15 Mjukuu wa Keya

Naomba kuongeza kwa #13, kwa sababu jambo hilo lina historia ndefu katika ukanda wetu.

Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, waliokuwa wakiitwa Keya, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko. Wenzake waliokufa kwa risasi na kwa malaria walizikwa njiani. Kabla ya hapo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Afrika Mashariki waliofia porini wakibebea majeshi mizigo hawakupata hata alama ya kaburi. Jina lao limebaki kwenye soko la Kariokor Nairobi na mtaa wa Kariakoo Dar es Salaam. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu.

Kwa hiyo mkuu wa jeshi la Kiafrika anapochagua mwenyewe kulala udongoni bila sanduku, mimi naona ameungana na hao. Tofauti ni kwamba yeye alichagua na wao hawakuchaguliwa hata kutajwa.

#16 Fikra Pevu

Mjukuu wa Keya, maneno yako ni mazito, lakini nahofia tunampa marehemu mawazo ambayo ni yetu. Nijuavyo, yaliyosemwa na familia yake hadharani yalikuwa machache na mepesi: alitaka azikwe upesi na kwa unyenyekevu. Labda hakuna siri nyuma yake. Kuna watu ambao hawapendi makuu tu.

#17 Bonde la Kerio

Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi natoka upande ule ilikoanguka helikopta, na ninataka tukumbuke pia kwa nini alikuwa kule.

Tangu Februari 2023 KDF na polisi wamekuwa katika Operesheni Maliza Uhalifu kwenye kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Shule zetu nyingi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya wezi wa mifugo, madarasa mengine yakichomwa moto, na wahandisi wa jeshi wakapewa kazi ya kuyajenga upya. Jenerali aliondoka Nairobi asubuhi ile kuwatembelea wanajeshi walioko kwenye operesheni na kukagua ukarabati wa shule. Mkuu wa Majeshi angeweza kuletewa ripoti mezani. Alikuja kuona kuta na mabati kwa macho yake. Watoto wa Cheptulel walimwona akiruka, na baada ya dakika chache wakaona moshi. Hawa ni watoto wetu, na wengine wao hawapendi tena kusikia mlio wa helikopta.

Jambo la pili: walikufa watu 10, na uzi huu umemtaja mmoja. Pamoja naye walikuwamo brigedia, kanali, luteni kanali, meja, makapteni wawili, sajini mwandamizi mmoja na masajini wawili, mmoja wao mwanamke. Kila mmoja alizikwa kwao kwa desturi ya kwao. Kama tunazungumzia unyenyekevu, basi tuanze hapo.

#18 Jirani wa Ng'iya

Ndugu wa Kerio, umesema kweli tupu na nakushukuru. Kila nilipotaja jina la Jenerali nilipaswa kuwakumbuka na hao tisa.

#19 Kijana wa Umoja

Na vipi kuhusu zile tuhuma za mwaka 2022, kwamba alikwenda Bomas, kituo cha kujumlisha kura za urais, kujaribu kuzuia ushindi wa Ruto? Wengine husema alizikwa haraka ili maswali yasiulizwe.

#20 Msimamizi wa Jamvi

Chanzo cha ajali na siasa za uchaguzi vina nyuzi zake humu, tafadhali zipelekeni huko. Hapa tubaki na maisha yake na agizo lake.

#21 Mwalimu wa Historia

Namuunga mkono Msimamizi, na naomba nimjibu kijana kwa sentensi chache zinazohusu maisha ya Jenerali. Agizo la kuzikwa upesi alilitoa mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo haiwezekani likawa njama ya mtu mwingine. Kuhusu Bomas, Rais Ruto, ambaye ndiye angeathirika, alieleza hadharani kwamba alimteua akizijua tuhuma hizo, kwa sababu alipotazama wasifu wake aliona kwamba ndiye aliyefaa zaidi.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni mwaka aliojiunga, ambao Mzee Mstaafu ameutaja bila kuueleza. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilifanywa na wanahewa, na kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mjaluo. Baada ya jaribio hilo Jeshi la Wanahewa lilivunjwa. Kijana wa Siaya anayeingia katika jeshi hilo mwaka 1984 alikuwa anaingia nyumba ambamo jina lake peke yake lilitosha kumfanya atazamwe mara mbili. Ili apande kutoka hapo hadi kileleni alihitaji kazi safi na mdomo mfupi kwa miongo minne. Nadhani mtu wa namna hiyo hujifunza kutojikweza, na agizo la mazishi linafanana kabisa na maisha hayo.

#22 Mstaafu wa Nanyuki

Mwalimu, nyongeza moja. Kikosi alichoingia hakikuitwa hata Jeshi la Wanahewa wakati huo. Kiliitwa "82 Air Force" na kilikuwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu hadi 1994, jina la zamani liliporudishwa. Sisi tuliovaa sare ile tulijua maana ya kutazamwa. Kuhusu hoja yako ya mwisho, sikubaliani nayo yote. Nilifanya kazi na Wajaluo wengi wa kizazi hicho, na baadhi yao waliagiza matanga makubwa mno walipokufa, kana kwamba wanalipa fidia ya miaka ya kunyamaza. Shinikizo moja huzaa watu wa aina mbili.

#23 Muuguzi wa Ughaibuni

Nafuatilia kutoka Uingereza. Kwetu sisi tulio mbali, agizo la siku 3 lina upande mgumu, kwa sababu mwili wa mtu aliyefia huku huchukua wiki kadhaa kufika nyumbani, na mwana aliye huku akifiwa nyumbani hawezi kuwahi. Hata hivyo naona mwelekeo unabadilika. Raila Odinga alipofariki ghafla Kerala, India, tarehe 15 Oktoba 2025, naye alikuwa ameagiza azikwe ndani ya saa 72, na Jumapili tarehe 19 akazikwa Bondo, tena kwa heshima za kijeshi. Wana wawili wakubwa wa Siaya, chini ya miaka miwili kati yao, na agizo linafanana. Je, mmoja alimwiga mwenzake, au wote wawili walikuwa wamechoshwa na jambo lilelile?

#24 Seremala wa Kisumu

Dada Muuguzi, hilo la pili ndilo ninalolisema tangu #2. Tangu mazishi ya Jenerali nimepata wateja wanaoomba sanduku la bei nafuu bila aibu, na wanalitaja jina lake wanapoomba. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja mwenyewe akiwa mzima, akajipima, akalipa, akaenda nyumbani na risiti. Alisema hataki wanawe wabishane.

#25 Binti Kisauni

Turudi kwa Prof. Wangari Maathai pia, kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Mwaka 2011 alikuwa ameagiza asizikwe kwa jeneza la mbao, kwa ajili ya miti aliyoitetea maisha yake yote, na sanduku lake likatengenezwa kwa magugu ya ziwani, mafunjo na mianzi kabla ya kuchomwa mwili. Pale sababu ilijulikana kwa kila mtu kwa sababu ilitokana na kazi yake. Ndiyo maana naona dai la #1 lina uzito kuliko nilivyofikiri mwanzoni, maana huenda na kwa Jenerali jibu limo katika kazi yake.

#26 Mkaazi wa Rorya

Bi Kisauni, kama limo katika kazi yake, basi ni kazi ipi? Mstaafu anasema ni urubani, mimi nasema ni kuzika wenzake, Mwalimu anasema ni kuishi akitazamwa. Zote ni kazi moja na haziongozi kwenye jibu moja.

#27 Wakili wa Milimani

Watu wawili wameniandikia faraghani wakiuliza jinsi ya kuacha agizo kama hilo, nami najibu hapa ili wote wafaidike. Liandikwe, litiwe sahihi, lishuhudiwe, na nakala wapewe mke au mume, mtoto mkubwa na mtu mmoja wa ukoo anayeheshimiwa. Huyo wa ukoo ndiye muhimu kuliko wakili, kwa sababu ndiye atakayesimama kwenye kikao. Lisifichwe kwenye kasiki la benki, maana litafunguliwa mazishi yakiwa yamekwisha.

#28 Jirani wa Ng'iya

Asante, Wakili. Kesho nitampelekea maneno haya yule mzee niliyemtaja #9. Najua tayari atakachojibu: kwamba hata likiandikwa na kushuhudiwa, waliobaki wana haki yao ya kulia, na hakuna hati inayoweza kuwapangia saa. Fikra Pevu na Seremala, nitafurahi mkija mjadiliane naye ana kwa ana, kwa maana mimi hajanishinda lakini wala sijamshinda.

#29 Fikra Pevu

Nitakuja. Mwambie mzee aandae kiti.